Mwaka Niliokatazwa Gari

Safari ya kwenda kuposa Nizwa ilinigharimu tairi mbili, mipira ya ndani mitano, ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia, doti mbili za kanga ambazo hazikuwa zangu, na heshima yangu mbele ya watu wa Izki, ambayo sikuwa nimeitia thamani mpaka nilipoiona inaondoka. Nimepiga hesabu hii mara mbili, na mara zote mbili imekuja hiyo hiyo. Chakula sikukitia, maana chakula sikununua hata tonge. Nilikuwa nakimbia nisilishwe.

Naandika kwa sababu ya Mjomba Khalfan. Mwezi uliopita tulikutana Ibra, harusini, baada ya miaka mingi ya kusalimiana kwa simu tu. Mjomba amefika themanini na ushei. Masikio yamemkimbia lakini sauti imebaki yote. Baada ya chakula aliegemea mto, akawakusanya vijana, akawaeleza kwamba safari ile ya Sur hadi Nizwa tuliipiga sote wawili, kila mtu na baiskeli yake, na kwamba milimani alikuwa akinisubiri. Vijana wakamshangilia. Mmoja wao ni katika hawa wanaopanda baiskeli siku hizi, na suruali za kubana na kofia kama ganda la kasa, watu wazima wanaolipa ili waumie. Huyo akamwomba Mjomba wapige picha pamoja. Mimi nilikaa pembeni na kipande changu cha halwa, nikanyamaza, kwa kuwa mtu wa themanini humkatizi. Lakini ukweli ni kwamba Mjomba hajapanda baiskeli tangu aondoke Unguja kuja huku nchi ya Waarabu. Safari nzima aliipiga ndani ya pikapu, kiyoyozi kimewaka, sinia ya sambusa kitini pembeni yake. Alichokifanya yeye Nizwa kilikuwa kikubwa kuliko kupanda baiskeli, na hicho ndicho asichokisimulia, labda kwa haya. Basi nitakisimulia mimi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, nauza vipuri vya magari katika duka moja pale Sur. Siku moja, nikirudi kutoka upande wa Ras al Hadd na pikapu ya duka, ngamia aliamua kuvuka barabara, kisha katikati akabadili mawazo. Mimi sikupata nafasi ya kubadili ya kwangu. Pikapu ilipinduka, nami nikazindukia hospitali, kichwa kimefungwa, mkono umefungwa, katika chumba cha vitanda vitatu ambacho hivyo viwili vingine vilikuwa vimekaliwa na Mama na Shangazi Zuwena, aliyetoka Ibra kuja kunililia kabla ya wakati. Walidhani nimelala. Nilikuwa nimefumba macho tu, kwa sababu nilisikia harufu ya mkate wa kumimina na nilitaka kujua nani kauleta kabla sijaonyesha dalili ya kupona.

"Nimeweka nadhiri," Mama akasema.

"Ya nini tena?"

"Mwanangu akitoka humu na miguu yake miwili, mwaka mzima hapandi gari."

Shangazi akauliza, "Nani hapandi? Yeye au weye?"

"Yeye."

"Sasa nadhiri unaweka weye, anaitimiza yeye?"

"Kwani nani kamzaa?"

Nilizidi kufumba macho. Nilipotoka nilijaribu kujadiliana, maana bei ya kwanza si bei. Mama alikuwa amekaa sebuleni, anachambua mchele, nami nikasimama mlangoni na fimbo ya hospitali.

"Mama, lori je?"

"Gari."

"Trekta?"

"Gari."

"Basi la abiria?"

"Hilo gari kubwa. Mbaya zaidi."

"Ngamia?"

"Ngamia ndiye aliyekuangusha!"

"Baiskeli?"

Akasimamisha mkono juu ya ungo. "Ina injini?"

"Haina."

"Basi."

Nikafunga biashara papo hapo. Mtu akishasema basi, usimpe nafasi ya kufikiri tena.

Ni vigumu kuwaeleza vijana wa leo maana ya kuwa mwanamume mzima asiye na gari katika nchi yetu wakati ule. Petroli ilikuwa rahisi kuliko maji ya chupa, na baiskeli ilikuwa kitu cha watoto na cha wageni waliokuja kufanya kazi za mashambani. Niliinunua ya fundi cherehani mmoja, chuma kitupu, haina gia, kengele yake inalia ikitaka yenyewe. Nikipita sokoni na kanzu nimeipandisha na kuifunga kiunoni, wauza samaki walikuwa wakinipokea: "Ya Seif! Petroli imekwisha nchini na sisi hatujaambiwa?" Vipuri vya wateja nilipeleka kwa baiskeli hiyo hiyo, kando ya bahari, upepo wa chumvi usoni. Siku moja nilifika Ras al Jinz na ekzosi ya lori mgongoni, nikawakuta watalii wamekaa wanangoja jua lishuke waone kasa. Wakanipiga picha mimi. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa mengi, lakini kupigwa picha na watu waliolipa kuja kutazama wanyama kulinikaa rohoni.

Katika hali hiyo ndimo Salma alimonikuta. Alikuwa mwalimu, mtu wa Nizwa aliyepangiwa shule Sur, na alikuja dukani kununua betri ya gari la kaka yake. Nilimtajia bei. Akacheka, si kicheko cha matusi, kicheko cha mtu anayemwonea mwenzake huruma. Nikapunguza. Akatoka nje. Nikamwacha atoke, maana mteja anayetoka hurudi, na kweli akarudi, lakini akarudi na bei ya duka la jirani, na hiyo nikaipunguza tena. Alipokwisha kulipa akataka maji ya betri ya bure, na kitambaa cha kufutia, na mtu wa kuibeba mpaka garini. Kisha akasimama palepale mbele yangu akahesabu chenji mara mbili. Nikajua nimekwisha.

Alinunua vipuri vingi mno mwaka ule kwa gari ambalo halikuwa na ubaya wowote. Ilipofika likizo ya katikati ya mwaka wa shule akarudi kwao, na baada ya wiki akanipigia simu dukani. Baba yake, Bwana Nassor, mtu wa Pemba aliyerudi na kukaa Nizwa, alikuwa amekubali kupokea watu wetu. "Kasema mje Ijumaa baada ya sala," akanambia. "Na uje mwenyewe. Kasema yeye haozi jina, anataka kuona uso. Lakini Seif, sikiliza. Alasiri wanakuja watu wengine kuniposa, wa kijana mmoja wa wizarani. Baba atajibu siku hiyo hiyo, na akishatoa neno harudi nyuma. Wallahi usichelewe."

"Sijapata kuchelewa."

"Una baiskeli, Seif."

Mwaka wa nadhiri ulikuwa na miezi mitano mbele yake. Nikaenda kwa sheikh. Sheikh alinisikiliza, akacheka mpaka akatoa kitambaa, kisha akanambia jambo wazi kabisa: mtu hamwekei mwenzake nadhiri, ya mama yako hainifungi mimi wala haikufungi wewe, panda gari uende ukaoe. Nilirudi nyumbani na hukumu ile kama mtu aliyenunua dhahabu kwa bei ya shaba. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Sheikh kasema kweli," akasema. "Panda." Kisha akaenda chumbani, akatoa nguo zangu za safari, akaanza kuzikunja, polepole, moja moja, kila moja akiinyoosha kwa kiganja, kama zile za siku ya ajali, zilizokuwa zimefungwa katika mfuko wa hospitali na damu yangu. Hakulia. Angalilia ningaliweza kubishana.

"Mama, nitakwenda kwa baiskeli."

"Mie sijasema kitu."

"Najua."

Kilomita zinakaribia mia tatu, na hapo milima haijahesabiwa. Tuliondoka Jumanne baada ya alfajiri, mimi mbele, Mjomba nyuma yangu na pikapu, taa zinawakawaka kama za kusindikiza maiti. Yeye ndiye msemaji wa posa, ndiye aliyebeba kanzu yangu mpya, halwa na udi, na Mama alikuwa amemtwika na kazi ya ushahidi: aapishwe akirudi kwamba sikutia mguu garini. Barabara ikiacha bahari inaingia milimani, mawe meusi pande zote mbili, na upepo unakuja umekusudia. Mjomba akawa ananisogelea, anateremsha kioo, ubaridi wa kiyoyozi unanigusa sikio.

"Piga kwa visigino!"

"Mjomba, nipe maji."

"Nikupe maji au nikupe shauri?"

"Maji."

"Vijana wa siku hizi," akasema, akapandisha kioo. Maji nikapewa kilimani, baada ya shauri.

Lakini upepo haukuwa adui. Adui alikuwa simu ya Mama. Kwa fahari yake alikuwa amewapigia jamaa zetu wote wa njiani, akawaambia mwanawe anapita anakwenda kuposa, kwa baiskeli, kwa ajili yake. Sisi tuliotoka visiwani tumetawanyika nchi hii kama mchele uliomwagika, hukosi punje. Al Kamil walikuwa wamesimama barabarani na birika. Bidiya waliniwekea sinia ya pilau katikati ya njia, na mzee mmoja akaketi mbele yake ili nisije nikaizunguka. Ukipita mlango wa mtu wa kwenu hukuingia, umemtukana. Ukiingia hukula, umemtukana yeye na mkewe. Na ukila kidogo, utaulizwa kama wali una kasoro. Nimepanda vilima na boko boko tumboni, ngano na nyama iliyopondwa ikawa nzito kama udongo. Nimeshuka miteremko na mchuzi wa papa unapanda. Wale vijana wa suruali za kubana wananambia wao njiani hula kitu katika kijifuko, wanafinya, wanameza, wanaendelea. Nikawauliza, na anayewapa mnamuaga vipi? Hawakunielewa.

Ibra tulifika Jumatano magharibi, kwa Shangazi Zuwena. Chumba cha wageni chake nakikumbuka kuliko vyumba nilivyolala miaka: sahani za maua zimetundikwa ukutani kama kwa bibi yake Unguja, kioo kikubwa, mito mingi kuliko watu. Nilijitazama kiooni nikaona mtu mwekundu, midomo imepasuka, kilemba kama kimeliwa na mbuzi. Alhamisi nilitaka kuondoka na mapambazuko. Shangazi akasimama mlangoni.

"Wali wa mgeni hauliwi asubuhi."

"Shangazi, Nizwa wananingoja kesho."

"Nizwa ina miaka mingapi pale? Itaondoka?"

Tuliondoka baada ya adhuhuri, mimi nimeshiba kama gunia, na juu ya keria yangu amefunga mwenyewe, kwa mafundo yasiyofunguka, doti mbili za kanga za bibi harusi. Pikapuni alikataa kuziweka. Alisema kanga za posa zinataka kwenda na mposaji. Nusu siku ile ndiyo iliyotaka kunimaliza. Usiku ulitukuta Mudhaibi badala ya Izki, na Ijumaa, jua limekwisha kupanda, nje kidogo ya Izki, tairi la nyuma likapasuka kwa mlio wa bunduki. Mpira wa ndani ulikuwa ndio wa mwisho. Maduka yamefungwa, watu wanaoga waende msikitini.

Mjomba akateremka. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akashusha sauti ingawa tulikuwa peke yetu. "Panda."

"Mjomba."

"Hapa hatuna ndugu. Nimehesabu. Kutoka hapa mpaka Nizwa hatuna hata shemeji. Panda, tukifika karibu nakuteremsha, unaingia unasukuma baiskeli yako, na mimi nikiapishwa nitasema sikuona, maana nitafumba macho."

Ilikuwa bei nzuri. Nakiri ilikuwa bei nzuri kuliko zote nilizopata kutajiwa, na Salma alikuwa upande wa pili wa ile milima, na saa inakwenda. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuomba kupunguziwa mlangoni mwa sebule, na Mama alikuwa amekwisha kunipunguzia. Kurudi kuomba tena baada ya kukubaliana, hata mchuuzi wa samaki hafanyi hivyo.

"Nenda weye," nikamwambia. "Nenda ukawazuie."

"Niwazuie na nini? Kamba?"

"Wewe ndiye mzee."

Akanitazama sana. Kisha akapanda, akafunga mlango, akateremsha kioo. "Niachie mimi," akasema, na hii ndiyo mara pekee katika safari nzima ambayo hakuongeza shauri.

Nilikata mafundo ya Shangazi kwa kisu. Nikachukua kanga zote nne, nikazisokota kamba, nikazishindilia ndani ya tairi mpaka likawa gumu kama nyama niliyolishwa Al Kamil na shangazi yetu mwingine, Mungu amrehemu. Nikapanda. Lilidunda, lakini lilikwenda. Pale Izki nilipita mbele ya msikiti watu ndio kwanza wanatoka kwenye sala, kanzu zao nyeupe, mimi katika shuka na fulana, na pindo la kanga, jekundu lenye nukta nyeupe, limechomoza tairini linapiga barabara kila mzunguko, pa, pa, pa. Hakuna aliyecheka. Walinisalimia kwa upole mkubwa, kama unavyomsalimia mtu ambaye jamaa zake hawajui kuwa ametoka nyumbani.

Yaliyotokea Nizwa wakati huo nilihadithiwa na Salma, aliyekuwa nyuma ya mlango wa ndani. Mjomba alifika baada ya sala, akakaribishwa, akaulizwa habari, akajibu habari zote mpaka za mvua ya mwaka juzi. Chakula kikaliwa. Kisha ikaja kahawa. Na huku kwetu, asiyejua ajue, mgeni akitosheka anatikisa kikombe. Asipokitikisa, mwenye nyumba hana ruhusa ya kuacha kumimina, na maadamu mgeni anakunywa, mazungumzo mazito hayafunguliwi. Mjomba hakutikisa. Alikunywa, akanyoosha kikombe. Akamiminiwa. Akanyoosha. Alasiri ikaingia, wakaja watu wa kijana wa wizarani, wazee watatu na majambia yao ya fedha kiunoni, wakakaa, wakanywa vikombe vitatu vya adabu, wakatikisa, wakangoja. Mjomba akanyoosha kikombe. Bwana Nassor aliyekuwa akimimina kwa mkono wake akabadilisha mkono, kisha akakumbuka kwamba kumimina kwa huo ni kinyume, akarudi. Mzee mmoja akakohoa. Mjomba akasema kahawa ya Nizwa haina mfano, akanyoosha kikombe. Salma alihesabu kumi na saba. Nilimwuliza tena baadaye, akasema kumi na saba.

Nilipotokea mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope, Mjomba alikuwa amekaa wima, jasho linamtoka, macho yametuna. Alikitikisa kile kikombe kama anayetaka kuvunja mkono. "Huyu ndiye kijana wetu," akasema, akainuka, akanipita, akaninong'oneza, "Choo kiko wapi?" na hakungoja jibu.

Nilimsalimia Bwana Nassor shikamoo. Alikuwa mtu mwembamba, ndevu fupi, uso usiosema kitu. "Marahaba. Umekuja na nini?"

"Baiskeli."

"Kutoka?"

"Sur."

Akataka kujua sababu, nikamweleza, mbele ya wote, sina pa kujificha. Mzee wa jambia kubwa akacheka. "Ya waladi, kijana wangu, nadhiri ya mama yako haikufungi. Hata mtoto wa shule anajua."

"Najua. Sheikh kanambia."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo nimefika."

Bwana Nassor hakuniuliza mshahara, hakuniuliza nyumba. Alisikiliza upande wetu kwa kinywa cha Mjomba, aliyerudi amekuwa mtu mpya, akasikiliza upande wao, wenye maneno mazuri zaidi. Kisha akawaendea wale wazee watatu, akazungumza nao pembeni, kwa sauti ya chini, amemshika mkubwa wao bega, akawasindikiza mpaka nje. Nikalisikia gari lao likiwaka, zuri, laini, injini isiyo na kasoro. Nikiwa muuza vipuri nilijua hata bei yake. Sikuweza kujua walikuwa wanaondoka na neno gani. Mjomba akanitazama.

Bwana Nassor hakurudi. Tukangoja, tukatoka kumtafuta. Alikuwa uani, amechuchumaa kando ya baiskeli yangu, anavuta pindo la kanga lililochomoza tairini, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Hakuinua macho.

"Wale wazee nimewaomba radhi," akasema. "Mwambie mama yako aanze kutafuta siku ya harusi, na hizi kanga alete nyingine." Akagusa kengele kwa kidole, ikalia. Akatazama nyuma, kuhakikisha kwamba Mjomba hasikii wala mlango wa ndani haukufunguka, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Kwetu Pemba wenzangu wote walipanda baiskeli. Mimi baba alinikataza, alisema nitavunjika, nikamsikiliza, mpaka leo. Sasa niambie kweli, mwanangu, usinipambe: mtu wa umri wangu, goti moja bovu, akitaka kujifunza, anaanzia wapi? Na atafanya vipi watoto wake wasimwone?"